Huduma ya upasuaji wa kizazi katika hospitali moja ya Kinondoni, kwa kipimo cha haki za mgonjwa

Mtu anapouliza ampeleke mgonjwa wake hospitali gani hapa Dar es Salaam, majibu anayopewa huhusu zaidi usafi wa vyoo, urefu wa foleni ya daktari, na kama kadi yake ya bima inapokelewa. Hayo ni mambo ya msingi na sitayapuuza, lakini mapitio haya nimeyaandika kwa kuangalia jambo ambalo watu hawaliulizi sana: je, mgonjwa akishavuliwa nguo zake na kuvalishwa gauni la wodini, anaendelea kuhesabiwa kuwa mtu mwenye kauli juu ya mwili wake? Hospitali ninayoizungumzia ni ya binafsi, ipo wilaya ya Kinondoni, na jina lake sitalitaja, kwa sababu malalamiko yangu nimekwisha kuyafikisha kwa uongozi wake kwa maandishi na ninachotaka ni yarekebishwe. Aliyelazwa ni mdogo wangu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye bado anatarajia kupata watoto. Ameniruhusu kuandika haya na amesoma kila mstari kabla sijautoa, maana habari za ugonjwa wake ni zake mwenyewe.

Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ule ambao wengi tumezoea kuuita faibroidi. Ni uvimbe unaoota katika misuli ya kizazi, na kwa sehemu kubwa sana ya wanawake wanaoupata huwa si saratani, ila unaweza kumtoa mtu damu nyingi kila mwezi hadi akaishiwa nguvu, na ndivyo ilivyokuwa kwake. Tiba yake haina njia moja. Wapo wanaotulizwa kwa dawa, wapo wanaofanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe na kubakiza kizazi, na wapo wanaoondolewa kizazi chote. Kwa mwanamke ambaye hajamaliza kuzaa, tofauti kati ya njia ya pili na ya tatu ni tofauti ya maisha yake yote, na ndiyo maana nasema kwamba katika ugonjwa huu haki ya kupewa maelezo inatangulia haki nyingine zote.

Nianze na sifa, kwa kuwa zinastahili. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake aliyempokea alikuwa na subira ambayo sijaiona mara nyingi. Baada ya kuangalia majibu ya picha ya mawimbi ya sauti, hakuishia kumwambia mdogo wangu kwamba anahitaji kupasuliwa. Alichukua karatasi tupu, akachora kizazi kwa umbo la parachichi lililogeuzwa kikonyo chini, akaweka alama mahali uvimbe ulipokaa, kisha akaeleza kwa Kiswahili kinachoeleweka kila njia ya tiba ina faida gani na hatari gani: kupoteza damu, maambukizi, kovu linaloweza kushikamanisha viungo vya ndani, na uwezekano wa uvimbe mwingine kuota baada ya miaka kadhaa. Alimweleza pia kwamba akipata ujauzito baadaye huenda akashauriwa kujifungua kwa upasuaji, kutegemea kisu kitakavyoingia katika ukuta wa kizazi. Kisha akasema maneno ambayo madaktari wengi huyaonea uzito: "Kama unataka kumsikiliza daktari mwingine kabla ya kuamua, nitakupa nakala ya majibu yako uende nayo." Azimio la Lisbon, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1981, linamtambua mgonjwa kuwa na haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine katika hatua yoyote ya matibabu, na linataka maelezo yatolewe kwa namna inayoendana na utamaduni wa mahali na ambayo mgonjwa ataielewa. Ile karatasi yenye mchoro ilitimiza azimio hilo bila mtu yeyote kulitaja, na mdogo wangu alitoka nayo mkononi.

Muuguzi aliyechukua historia yake naye alifanya kazi ya kupigiwa mfano. Alimuuliza kama amewahi kutumia dawa za mitishamba kwa tatizo hilo, na aliuliza kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza kuhusu mzio na magonjwa ya familia, bila kebehi na bila kukunja uso. Mdogo wangu alikuwa amezitumia, akasema. Wanawake wengi wa mjini humu wameuziwa chupa za kusafisha kizazi, na wengi huficha wakifika kwa daktari kwa sababu wanajua watasimangwa. Mgonjwa ana wajibu wa kusema kweli juu ya alichokunywa, kwani baadhi ya vitu huweza kugongana na dawa za usingizi au kuathiri kuganda kwa damu, lakini wajibu huo atautimiza pale tu anapoulizwa na mtu ambaye haonekani kumhukumu. Hata kipimo cha Virusi vya UKIMWI kilifanywa kama inavyotakiwa: aliitwa katika chumba cha pembeni, akapewa ushauri nasaha, akaulizwa kama anaridhia, na majibu akapewa yeye peke yake. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inaagiza hivyo, na hapo waliifuata.

Kasoro kubwa niliyoikuta ni fomu ya ridhaa, na hapa nitakaa kidogo.

Fomu ililetwa usiku wa kuamkia upasuaji, wakati dripu imekwisha kufungwa na mgonjwa amekwisha kuambiwa asile kitu. Aliyeileta alikuwa muuguzi wa zamu mwenye haraka, na kusema kweli wodi nzima ilikuwa mikononi mwake na mwenzake mmoja. Aliweka karatasi juu ya kimeza cha kitandani, akaonyesha kwa kidole mstari wa chini kabisa, akasema, "Dada, saini hapa, asubuhi chumba cha upasuaji wanakuanza wewe." Karatasi yote ilikuwa ya Kiingereza, kwa herufi ndogo. Mdogo wangu amesoma, lakini Kiingereza cha kitabibu na cha kisheria kilichochanganywa pamoja kinamshinda hata msomi. Akauliza, "Sista, hapa pameandikwa nini?" Jibu lilikuwa kwamba ni fomu ya kawaida tu na kwamba kila mgonjwa anaisaini.

Tuliisoma pamoja, taratibu, kwa mwanga wa simu. Aya ya tatu ilisema kwamba mgonjwa anaridhia upasuaji uliotajwa pamoja na upasuaji mwingine wowote ambao daktari ataona unafaa wakati huo, na nafasi ya kutaja upasuaji wenyewe ilikuwa tupu. Mwanamke aliyekuja hospitali kwa nia ya kuondolewa uvimbe na kubakiziwa kizazi alikuwa anaombwa kutia saini karatasi ambayo, kwa maneno yake yalivyo, ingeruhusu kizazi kiondolewe bila yeye kuwa amelizungumza jambo hilo na mtu. Natambua kwamba daktari anahitaji nafasi ya kuokoa maisha, kwa sababu katika upasuaji huu damu inaweza kugoma kukatika, na hapo kuondoa kizazi ndiko kunakoweza kubaki kuwa njia ya kumnusuru mgonjwa. Hakuna mwenye akili anayetaka daktari asimame akiangalia fomu huku mtu anakata roho. Lakini jambo hilo lina maneno yake, na yanaweza kuandikwa: kwamba kizazi kitaondolewa iwapo tu damu imeshindikana kuzuiwa kwa njia nyingine na maisha yako hatarini. Mdogo wangu alikataa kusaini hadi daktari afike. Muuguzi hakufurahi, ila alimpigia simu, na hilo nalihesabu kuwa jema lake.

Asubuhi daktari alikuja kabla ya kuvaa mavazi ya upasuaji, akasoma ile aya, akakubali kwamba imeandikwa kwa upana mno. Alijaza jina la upasuaji kwa mkono wake, akakata ule mstari, akaandika kwa Kiswahili sharti la kuondoa kizazi kwa dharura ya damu tu, na wote wawili wakatia saini pembeni ya maneno hayo. Kazi yote haikuchukua muda wa kikombe cha chai kupoa. Swali langu kwa uongozi ni kwa nini marekebisho hayo yategemee mgonjwa mwenye ujasiri wa kukataa na mwenye ndugu wa kumsomea. Tangu mwaka 2021 sheria zetu zimefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hoja kwamba mwananchi hatendewi haki kwa lugha asiyoielewa, na sioni sababu ya karatasi inayoruhusu tumbo la mtu kupasuliwa kubaki katika lugha ambayo wengi wa wanaoisaini hawaisomi.

Jambo lililoniudhi zaidi ni swali lililokuja na fomu hiyo: "Mume wako yuko wapi? Anatakiwa naye asaini." Mdogo wangu ana mume, na mume huyo alikuwa safarini mikoani kikazi, na anajua kila kitu kwa kuwa mkewe alimwambia mwenyewe. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayetoa ridhaa juu ya mwili wake. Mzazi au mlezi humsainia mtoto aliye chini ya miaka 18, na ndugu huweza kusimama kwa niaba ya mgonjwa aliyepoteza fahamu, lakini mwanamke aliyekaa kitandani akiwa macho, anayejibu maswali na kujua tarehe ya leo, haingii katika makundi hayo. Nilipouliza utaratibu huo umeandikwa wapi, hakuna aliyenionyesha; nikaambiwa ni mazoea, ili kuepuka ugomvi wa ndoa baadaye. Mazoea hayo yanaweza kumchelewesha mwanamke anayevuja damu akisubiri saini ya mtu aliye mbali, na mjane au msichana asiyeolewa yanamwacha akijieleza mbele ya wodi nzima. Napenda hospitali iyafute kabisa.

Kuhusu faragha, wodi ina mapazia kila kitanda na huvutwa daktari anapompima mgonjwa. Ila pazia halizuii sauti, na kila asubuhi madaktari walipopita, ugonjwa wa kila mmoja ulisomwa kwa sauti iliyofika vitanda vya pande zote. Mapokezi ni pabaya zaidi. Dirisha lina kioo chenye tundu dogo, anayeuliza yuko ndani, anayejibu yuko nje na foleni iko mgongoni kwake. "Umekuja kwa tatizo gani, dada?" liliulizwa kwa sauti ya kutosha kusikika hadi kwenye viti vya kusubiria, na mdogo wangu akalazimika kuinama, midomo karibu na tundu, kunong'ona kwamba anatokwa damu. Kuhamishia swali hilo chumba cha vipimo vya awali, ambako mgonjwa anakwenda kupimwa presha na uzito hata hivyo, kusingegharimu chochote.

Baada ya upasuaji, kama ilivyo desturi katika hospitali zetu nyingi, mhudumu alitoka na chombo cha chuma kutuonyesha ndugu kilichotolewa. Sina neno na desturi hiyo, mradi mgonjwa amekubali kabla. Lakini mwenzake aliyekuwa nyuma aliinua simu akapiga picha, na nilipomuuliza ya nini, akasema ni ya kumbukumbu. Kumbukumbu ya nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na hospitali ndiyo inayowajibika kwa kila kinachokusanywa ndani ya kuta zake. Simu binafsi ya mfanyakazi haina nafasi katika utaratibu huo. Aliifuta picha mbele yetu, na nilimshukuru, lakini kwa tulivyozoea kuona vidonda na majeruhi wa watu vikizunguka katika makundi ya simu, naona hospitali inapaswa kutoa katazo la maandishi na kulibandika mahali wafanyakazi wake wanapoingilia.

Damu ya akiba iliombwa mapema na ndugu tulikwenda kuchangia bila shida. Tuliambiwa wazi kwamba damu haiuzwi na kwamba yeyote atakayetuomba fedha kwa ajili ya chupa tumtaje.

Upande wa gharama, tulipewa makadirio ya maandishi kabla ya kulazwa, yakitenganisha kitanda, chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, dawa na vipimo, na hesabu ya mwisho haikuyazidi sana makadirio hayo. Walipozidisha, walieleza kwa nini. Mdogo wangu anatumia bima, na kila hatua ilithibitishwa kwa alama za vidole. Dosari ilikuwa moja, kwamba aliombwa kusaini fomu ya madai ya bima kabla huduma hazijaandikwa. Alisubiri zijazwe, akazisoma, akakuta kipimo ambacho hakufanyiwa, kikaondolewa pale pale bila ubishi. Baada ya mvutano wa Machi 2024 kati ya hospitali binafsi na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kuhusu kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo mfuko unalipia na bei zake, kila mwenye kadi anajua jinsi mambo haya yanavyoweza kumgusa mgonjwa ghafla. Fomu iliyojazwa kwa ukweli inamlinda mwanachama na mfuko wake, na mgonjwa ana haki ya kuona kinachodaiwa kwa jina lake.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa analipa fedha taslimu. Daktari alikwisha kumwandikia ruhusa, mshono ulikwisha kukauka, mtoto wake wa kiume alikuwa anahangaika huku na huko kutafuta salio, na mama alibaki kitandani kwa kuwa dirisha la malipo halikutoa geti pasi, yaani karatasi ya kumruhusu apite getini. Kila usiku aliolala uliongeza gharama ya kitanda katika deni lilelile lililomzuia kutoka. Aliona aibu kula chakula kilicholetwa, akidhani nacho kinahesabiwa, na mdogo wangu akawa anagawana naye uji wa nyumbani. Ibara ya 15 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu binafsi, na deni la matibabu ni deni kama madeni mengine, lina njia zake za kudaiwa: makubaliano ya maandishi, mdhamini, malipo ya awamu, na ikishindikana, mahakama. Hospitali za serikali zina maofisa ustawi wa jamii wanaokaa na mgonjwa wa namna hii na kuangalia uwezo wake halisi, na zipo sera za msamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza waliofikisha miaka 60. Hospitali ya binafsi haiwezi kutibu kila mtu bure, hilo naelewa, dawa na mishahara vinalipiwa. Lakini kumfungia mtu aliyepona ili deni lake likue ni jambo nisiloweza kulitetea kwa hoja yoyote ya biashara, na sikumwona katika hospitali ile ofisa hata mmoja ambaye kazi yake ni kukaa na mgonjwa huyo na kutafuta njia. Hatimaye aliachiwa kwa barua ya mdhamini. Barua hiyo ingeweza kukubaliwa siku ile ile aliyoandikiwa ruhusa.

Uvimbe ulipelekwa maabara ya patholojia, na majibu yalitoka yakiwa mazuri. Yalikuwa yamekaa hospitalini kwa muda bila mtu kupiga simu, mpaka tulipofuatilia wenyewe. Mgonjwa anayesubiri kuambiwa kama ana saratani au hana asingepaswa kulazimika kukumbusha. Tulipoomba nakala ya majibu pamoja na muhtasari wa upasuaji, tulipewa siku hiyohiyo, na karatasi hizo mdogo wangu atazihitaji siku atakapoanza kliniki ya ujauzito, ili daktari yeyote atakayemhudumia ajue kovu liko wapi na lina kina gani.

Kuna sanduku la maoni ukutani karibu na lifti, lina kufuli, na hakuna karatasi wala kalamu karibu yake. Mimi niliandika barua kwa mganga mfawidhi, yaani daktari anayeiongoza hospitali, nikieleza mambo ya fomu, saini ya mume, picha na yule mama jirani. Alinipigia simu mwenyewe, akasikiliza bila kunikatiza, akaomba radhi kuhusu picha na kuhusu swali la mume. Juu ya geti pasi alisema ni suala la bodi. Asiyeridhika na majibu ya ngazi hiyo anaweza kwenda kwa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari yana Baraza la Madaktari Tanganyika, ya muuguzi au mkunga yana Baraza la Uuguzi na Ukunga, na ya taarifa kuvuja yana Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Barua yenye tarehe, jina la wodi na zamu husaidia kuliko maneno ya jumla.

Kwa umahiri wa upasuaji na kwa unyofu wa yule daktari, ningempeleka ndugu yangu pale tena. Asiye na mtu wa kukaa naye namshauri aombe fomu ya ridhaa siku ya kliniki ili aisome nyumbani, na anayelipa taslimu namshauri aulize, kabla ya kulazwa na kwa maandishi, nini kitatokea salio likichelewa. Mganga mfawidhi alinieleza kwamba fomu ya Kiswahili inaandaliwa. Mdogo wangu alipokwenda kliniki mara ya mwisho ilikuwa bado haijafika wodini, na nimemwandikia tena.